Leso ya Chungwa kwa Arrojado

Fahali Arrojado hakustahili indulto, ule msamaha wa kutouawa uwanjani, na kadiri mkanda wake unavyorudiwa ndivyo kosa linavyozidi kujianika. Tarehe 30 Aprili 2011, uwanja wa Maestranza, Sevilla, umati umesimama, na rais wa uwanja anatundika leso ya rangi ya chungwa kumwokoa fahali wa Núñez del Cuvillo. Novillo mmoja, fahali mchanga, alikwisha kusamehewa pale mwaka 1965. Fahali kamili, hadi siku hiyo, hajawahi. Kazi ya matadori Manzanares kwa muleta, kile kitambaa chekundu cha hatua ya mwisho, ilikuwa safi, haina ubishi. Lakini indulto si tuzo ya matadori, wala si huruma kwa mnyama. Ni uamuzi wa ufugaji: damu hii irudi malishoni ikazae. Ndiyo maana kanuni ya kitaifa ya mwaka 1996 inadai umbo la fahali na ubora wake katika hatua zote za pambano, bila kuacha hata moja. Mbele ya farasi wa pikadori, mpiga mkuki, Arrojado alitimiza wajibu, basi. Na pale ndipo moyo hupimwa: chuma kikimwingia, fahali jasiri huzidi kusukuma, ilhali mpole hutafuta pa kutokea. Muleta hupima pumzi na utiifu. Rais alisahihisha karatasi ya mwisho peke yake, akatoa alama za mtihani mzima.

Watetezi wa rais husema umati uliomba. Naam, uliomba, na kanuni inataka ombi la umati, ombi la matadori na ridhaa ya mfugaji. Lakini wote hao wana lao jambo: umati unataka cha kusimulia, matadori anataka kutoka amebebwa mabegani, mfugaji anataka dume la mbegu lenye jina. Kiti cha rais kimewekwa ili pawepo mmoja asiye na faida, awezaye kukataa. Msomaji wa Pemba, ambako fahali wa mchezo wa ng'ombe hauawi uwanjani, atauliza ubaya uko wapi mnyama akirudi hai. Kule kurudi hai ni desturi, hakumpi fahali cheo. Nchini Hispania ni cheti, na cheti kikigawiwa ovyo hupotosha mifugo kwa vizazi. Na mtihani wa farasi wenyewe umelegea: pikadori amekuwa pambo tangu zamani, nimelisema hili na nitalisema tena: farasi mzito mwenye peto, ile kinga ya mwili wake iliyolazimishwa mwaka 1928, kisha mkuki wa kugusa tu ili fahali asiishiwe nguvu kabla ya muleta. Wafugaji wakafuata soko. Mfugaji Victorino Martín hakufuata. Belador wake, aliyesamehewa mikononi mwa matadori Ortega Cano katika uwanja wa Las Ventas, Madrid, mwaka 1982, ndiye kipimo changu hadi leo.

Tangu Belador, Las Ventas haijamsamehe fahali mwingine. Sevilla, baada ya Arrojado, imeshawasamehe Cobradiezmos mwaka 2016, huyo wa Victorino simlaumu, na Orgullito mwaka 2018.