Programu Imegoma Kushuka: Kabla Hujakubali Kufomati

Ukibonyeza kitufe cha kusakinisha kwenye Play Store, unachoona ni duara linalojaa taratibu kuizunguka nembo ya programu, na ni rahisi kudhani kuwa ni kazi moja inayoendelea. Nyuma ya duara hilo kuna mikono kadhaa inayopokezana. Play Store inauliza kwanza simu ni ya aina gani, ina Android toleo la ngapi na inastahili mafaili yapi. Google Play Services inathibitisha akaunti. Kazi ya kuvuta mafaili, hasa kwenye simu za zamani kidogo, hukabidhiwa kidhibiti cha vipakuliwa, programu ya mfumo isiyo na nembo popote kwenye skrini. Mwisho anakuja msakinishaji wa Android mwenyewe, anayekagua saini ya faili, analifungua na kulipangia mahali pa kukaa.

Yeyote kati ya hao akisimama, mara nyingi mwenye simu ataonyeshwa neno lile lile: inasubiri. Haambiwi inasubiri nini. Ndiyo maana tatizo dogo kama hili huishia mikononi mwa fundi, na fundi mwenye foleni ya wateja huishia kwenye dawa moja, kufomati. Naandika hapa jinsi simu moja ilivyofanyiwa kazi bila kufomatiwa, kwa sababu ilikuwa na matatizo mawili kwa mpigo, na hali ya namna hiyo ndiyo inayowapoteza wengi.

Simu yenyewe ilikuwa ya bei ya chini, GB 16 za hifadhi, mali ya mama anayeuza vitenge Tandika. Alitaka kusakinisha programu ya benki yake. Ilikuwa inasubiri tangu asubuhi. Fundi wa kwanza alikwisha kumwambia dawa ni kufomati, akakataa kwa sababu picha za mzigo na namba za wateja zote zilikuwa humo.

"Mtandao upo, mwanangu," alisisitiza. "Hii WhatsApp si inafanya kazi?"

WhatsApp kufanya kazi si ushahidi wa mtandao. Kampuni za simu katika Afrika Mashariki zimeuza kwa miaka mingi bando za mitandao ya kijamii, ambazo ni rahisi kuliko bando za kawaida. Mteja akiwa na bando hilo peke yake, mitambo ya kampuni huutambua mzigo wa WhatsApp na kuupitisha, na mzigo mwingine wowote hukwama pale pale kama hakuna salio la data ya kawaida. Juu ya skrini alama ya 4G inabaki, na minara inasoma vizuri, kwa kuwa mawasiliano kati ya simu na mnara hayana kasoro yoyote. Play Store inabisha hodi haifunguliwi, nayo inakaa kusubiri.

Kipimo sahihi ni kufungua kivinjari na kuingia kwenye tovuti ambayo simu hiyo haijawahi kuifungua. Sisitizo liko kwenye haijawahi, kwa sababu tovuti ya kila siku inaweza kuonyesha kurasa zilizohifadhiwa jana ukadhani umeunganishwa. Kwenye simu ya mama tovuti haikufunguka. Tulipouliza salio, kweli, lilikuwa la mitandao ya kijamii tu. Akanunua bando la kawaida, tovuti ikafunguka mara moja.

Play Store bado ikasema inasubiri.

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ukirekebisha kitu na dalili isibadilike, akili inakwambia kwamba ulichorekebisha hakikuwa tatizo. Unarudi nyuma, unahangaika na kingine, kesho bando linaisha na unajikuta ulipoanzia. Kumbe kikwazo cha kwanza kilikuwa kimeondoka kweli, kilichobaki kilikuwa kimejificha nyuma yake. Dawa ni kupima kila hatua kwa kipimo chake yenyewe: mtandao kwa tovuti, hifadhi kwa ukurasa wa hifadhi, saa kwa kuitazama saa. Kuikodolea macho Play Store hakusaidii, kwa sababu yenyewe ina jibu moja kwa maswali yote.

Kabla ya kwenda kwenye hifadhi tulipita haraka kwenye mambo ya kawaida. Ukigusa picha ya akaunti kwenye kona ya juu kulia ya Play Store, kisha ukaingia sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, utaona kama kuna foleni ya masasisho. Kwa miaka mingi Play Store ilikuwa ikishusha programu moja moja, na hata sasa hushusha chache tu kwa mpigo, hivyo unaweza kuwa unasubiri mchezo wa mtoto ujisasishe kwanza. Futa foleni, anza na unayoitaka. Kwenye mipangilio ya hapo hapo kuna chaguo la kushusha kwa Wi-Fi peke yake. Kisha kuna Kiokoa Data kwenye mipangilio ya simu. Hiki hubana programu zinazotumia data nyuma ya pazia, na upakuaji mwingi unafanyika huko huko nyuma. Jambo moja kuhusu Kiokoa Data halijulikani sana: ukijiunga na hotspot ya simu ya Android ya jirani, simu hiyo huitangazia yako kwamba data hii ni ya kupimwa, na Kiokoa Data kinaendelea kubana hata kama kwa macho yako uko kwenye Wi-Fi.

Yote hayo yalikuwa sawa. Tukafungua ukurasa wa hifadhi.

Ulionyesha nafasi iliyobaki kuwa zaidi kidogo ya MB 400. Programu ya benki, kwa maelezo ya Play Store, haikufika hata MB 60. Mama akauliza swali ambalo kila mtu angeuliza: kama nafasi ni 400 na mzigo ni 60, inasubiri nini?

Jibu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba Android haikuruhusu utumie nafasi yote mpaka chembe ya mwisho. Mpangilio wake asilia ni kulinda asilimia 5 ya hifadhi ya mtumiaji, au MB 500, ipi ndogo. Simu inayouzwa kama ya GB 16 haikuachii GB 16. Mfumo wenyewe unachukua sehemu kubwa. Tuseme zimebaki GB 9 za mtumiaji. Asilimia 5 ya hizo ni MB 450. Ukiwa na MB 400, kwa hesabu ya simu tayari umeshavuka mstari kabla hujaanza kushusha chochote.

Ya pili ni kwamba ukubwa unaouona Play Store ni wa mzigo unaosafiri, na mzigo ukifika hufunguliwa. Faili lililobanwa linapanuliwa, sehemu ya msimbo inatafsiriwa kuwa ya kuendana na prosesa ya simu hiyo, na programu ikianza inajitengenezea hifadhi yake ya data. Kwenye kusasisha ni zaidi: toleo la zamani haliondolewi mpaka jipya liwe tayari kabisa, hivyo kwa muda yote mawili yanakaa pamoja. Simu iliyojaa inaweza kuendesha programu vizuri miezi mingi ila ikashindwa kuisasisha.

Mama alikuwa amenunua memori kadi ya GB 32 kwa ajili hiyo hiyo, na ilikuwa karibu tupu. Hili linawauma wengi. Kadi inapokea picha, video na muziki. Programu zinakaa kwenye hifadhi ya ndani. Android 6.0 ya mwaka 2015 ilileta uwezo wa kuiunganisha kadi na hifadhi ya ndani ziwe kitu kimoja, lakini watengenezaji wengi waliuzima kwenye simu zao, na kwa kadi za bei poa sidhani walikosea, maana zinakuwa nzito mno.

Basi nafasi ipatikane wapi? Watu huanza na picha, moja moja, kwa uchungu. Sisi tulianza na folda ya WhatsApp. Kuanzia Android 11 inapatikana ndani ya Android, halafu media, halafu com.whatsapp. Ndani yake, kwenye folda ya video, kuna folda ndogo ya vilivyotumwa: kila video uliyomrushia mtu inaweza kuwa imeacha nakala humo, wakati yenyewe bado ipo kwenye galari. Muuza vitenge anayerusha video ya mzigo mpya kwa wateja wake anaweza kuwa na nakala mbili za kila kitu. Halafu kuna folda ya Databases, inayotunza nakala za magumzo za hadi siku 7 zilizopita, kila siku faili lake. Kwa mtu mwenye magumzo mengi kila faili linaweza kufika mamia ya MB. Likiwa 300, siku saba ni zaidi ya GB 2. Yale yenye tarehe kwenye jina ni ya siku zilizopita na yanaweza kufutwa. Lisilo na tarehe ndilo la karibuni, hilo liache.

Nafasi ikazidi GB 2. Tukaizima simu na kuiwasha, tukabonyeza tena, na programu ya benki ikashuka bila kelele.

Wasomaji watashangaa sijagusa kufuta akiba ya Play Store, ushauri unaotolewa kila kona. Unasaidia pale ambapo Play Store imeshikilia kumbukumbu mbovu ya upakuaji uliokatika njiani, na hauna madhara. Hata ukifuta data yote ya Play Store, programu zako hazifutiki. Ila haukuongezei nafasi ya maana wala haukununulii bando. Umepata sifa kwa sababu ni rahisi kuufanya, na kwa sababu watu huufuatanisha na kuzima na kuwasha simu, jambo ambalo lenyewe linatibu mengi.

Saa nayo isidharauliwe. Simu iliyokaa kwenye droo bila chaji inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 2015. Mawasiliano na Google yanalindwa kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayoishi 2015 inakiona cheti cha mwaka huu kuwa hakijaanza kutumika, inakikataa, halafu inakuambia hakuna mtandao. Washa saa ya mtandao, imekwisha.

Wanaoshindwa na Play Store hurushiana programu kwa Bluetooth. Zamani hilo lilifanya kazi vizuri. Tangu Agosti 2021 Google inawataka wenye programu mpya wazipeleke katika mfumo unaogawa programu vipande: kipande cha msingi, cha lugha, cha ukubwa wa skrini, cha aina ya prosesa. Play Store huipa kila simu vipande vyake tu. Ukikirusha kipande cha msingi peke yake kwa rafiki, simu yake itasema programu haikusakinishwa, wala si simu yake yenye kosa. Kuna na suala la saini: kama ulisakinisha toleo lililochezewa na mtu, Play Store haiwezi kuweka toleo halisi juu yake, kwa sababu Android inakataa sasisho lisilo na saini ile ile. Inabidi uliondoe kwanza lile la mtaani. Kwa programu ya benki, toleo la mtaani lisiingie kabisa.

Zipo simu ambazo hakuna fundi atakayeziponya. Google iliacha kuzisasishia Play Services simu za Android 4.4 mwaka 2023, na Oktoba mwaka huo WhatsApp ikahamia Android 5.0 kwenda juu. Simu za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019, kuanzia Mate 30, hazina huduma za Google toka kiwandani. Hizo zina duka lao. Na mara nyingine simu haina neno kabisa. Januari 2021, kuelekea uchaguzi wa Uganda, maduka ya programu yenyewe yalizuiwa kwenye mitandao ya huko kabla intaneti nzima haijazimwa. Aliyefomati simu yake Kampala wiki ile alijisumbua bure.

Kufomati kuna hatari yake nyingine, kubwa kuliko kupoteza picha. Tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna kinga dhidi ya wezi: simu ikifomatiwa kwa vitufe vya pembeni, kama mafundi wengi wanavyofanya, ikiwaka inadai akaunti ya Google iliyokuwemo. Huku kwetu akaunti hiyo mara nyingi ilifunguliwa na muuzaji siku simu iliponunuliwa, kwa jina alilolibuni yeye na nywila ambayo hakuna anayeikumbuka. Simu ya mama ilikuwa hivyo hivyo. Kama angekubali ushauri wa kwanza, angebaki na simu iliyofungwa na risiti ya dukani.

Kwa hiyo kabla ya kumpa fundi simu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, usome barua pepe iliyoandikwa pale. Kama huijui, fungua yako, iweke kwa namba ya laini yako, hamishia humo majina ya wateja, kisha iondoe ile ya muuzaji wakati simu bado inafunguka.