Barabara Haina Gari, Hadithi Iko Wapi?

Ndugu msomaji, kuna ubishi usiokwisha vijiweni mwetu sisi tunaojaribu kuandika: eti hadithi inaweza kusimama bila tukio? Wengi wanasema haiwezi. Lazima mtu afe, au apate mimba, au aibiwe, ndipo msomaji afunue ukurasa wa pili. Mimi nabisha, na safari hii nitabishia mbali: Ufaransa, kwenye vibarabara vya mashambani ambako mtu anaweza kunyonga baiskeli saa nzima asipitwe na gari hata moja.

Kwa nini huko? Kwa sababu kazi tatu nilizozipitia mfululizo zinakutana kwenye barabara za namna hiyo. Ya kwanza ni riwaya ya Maurice Leblanc, Voici des ailes, ya mwaka 1898. (Huyu ndiye aliyekuja kumuumba mwizi maarufu Arsène Lupin miaka michache baadaye.) Ya pili ni riwaya ya Mholanzi Tim Krabbé, De Renner, iliyotoka 1978, mimi niliisoma kwa Kiingereza. Ya tatu si kitabu, ni filamu: Jour de fête ya Jacques Tati, iliyoanza kuonyeshwa 1949. Leblanc nilimsoma kwa Kifaransa cha kuungaunga, kamusi pembeni, kwa hiyo mwenye Kifaransa safi anisahihishe palipo haki.

Kwanza tuione mandhari yenyewe, maana hapa mandhari si pazia la nyuma, ni mhusika. Barabara ndogo za huko zinaitwa kwa herufi D na namba, na kando yake kuna mawe ya kilometa yenye kichwa cha rangi ya njano. Lami nyembamba, konde la ngano huku, ng'ombe kule, kanisa la kijiji kwa mbali. Ardhi si tambarare wala si milima ya kutisha. Inapanda, inashuka, inapanda tena, kama shuka lililotupwa kitandani bila kunyooshwa. Kwenye baiskeli hakuna siri: kila kikunjo cha shuka hilo miguu inakitambua. Sasa mpe mwandishi barabara hiyo, mwambie hakuna gari, hakuna jambazi, hakuna mvua. Ataandika nini?

Leblanc anaandika sifa. Wanandoa wawili wawili, matajiri wa Paris, wanaondoka kwa baiskeli kuelekea Normandie na Bretagne. Kadiri wanavyokwenda mbali na mji ndivyo wanavyolegeza mambo: wanawake wanavua yale mavazi ya kubana kiuno, mazungumzo yanakuwa huru, na mwisho wa yote wanabadilishana wapenzi. Kwa mwaka 1898 hilo lilikuwa jambo zito, na mpaka leo nampongeza kwa kuona kwamba baiskeli ilimpa mwanamke kitu ambacho sheria ilikuwa haijampa: kwenda anakotaka kwa miguu yake mwenyewe. Lakini jamani, sifa zimezidi! Baiskeli ni mabawa, mtu ni kiumbe kipya, anga ni hivi, maua ni vile. Nikatafuta jasho humo ndani, nikalipata kwa kijiko cha chai. Baiskeli nyingi za miaka ile zilikuwa na gia moja tu, na kwa nyingi pedali hazikuachia mteremkoni: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka nalo, zinaikimbiza miguu ya mwenyewe. Hata katika mashindano makubwa ya Tour de France gia za kubadilisha hazikuruhusiwa mpaka 1937. Mtu aliyepanda vilima vya Normandie na chombo kile alikuwa na habari ya kutusimulia. Leblanc, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa baiskeli, anairuka habari hiyo haraka ili awahi kwenye mabawa.

Na ukimya? Ukimya kwake ni wa bure. Mwaka 1898 magari yalikuwa ya kuhesabu. Mashindano ya magari ya Paris hadi Rouen yalikuwa yamefanyika 1894, miaka minne tu nyuma. Hakuna aliyeuchagua ukimya wala aliyeulipia, ndiyo maana mwandishi hausikii. Yuko kama samaki asiyejua kuwa kuna maji. Kwa upande mwingine, matajiri wake wanapita mbele ya wakulima ambao wengi wao wangehitaji mshahara wa miezi kununua chombo kama kile. Wakulima hao wanatazama, basi. Sisi ambao baiskeli kwetu ni magunia ya mkaa na kreti za mikate hatuwezi kuacha kujiuliza wale watazamaji walikuwa wanasema nini wao kwa wao baada ya mabawa kupita.

Krabbé ni kinyume chake kabisa. Yeye anatupa shindano moja, Tour du Mont Aigoual, kilometa 137, likianzia mji mdogo wa Meyrueis katika wilaya ya Lozère, kusini mwa Ufaransa. Riwaya nzima ni shindano hilo, na imegawanywa kwa kilometa badala ya sura. Unajua daima uko wapi. Wanafunzi wa fani, hebu kaeni hapo kidogo: huyu bwana amelitatua swali letu la tukio kwa ujanja wa mwenye duka. Hakuna mauaji, hakuna mapenzi, ila kuna hesabu. Zimebaki kilometa ngapi, aliye mbele kaachana nasi kwa dakika ngapi, nani anajificha nyuma ya mwenzake asipigwe na upepo, nani anajifanya kachoka. Nilisoma usiku mmoja nikashindwa kuweka kitabu chini, mimi ambaye sikuwahi kufuatilia mashindano ya baiskeli maishani mwangu. Gia anazitaja kwa namba, na zile namba zinauma kwenye mapaja. Huo ndio usanii ninaouonea wivu.

Pamoja na wivu huo, nina ugomvi naye. Njia ya shindano lake inapita Causse Méjean, nyanda za juu za mawe na kondoo, kisha inapanda mlima Aigoual wenye zaidi ya meta 1,500. Ni sehemu tupu kupita maelezo. Kwa Krabbé utupu huo ni uwanja wa mateso tu, kama vile Mungu aliuumba ili waendesha baiskeli wateseke bila kuonwa. Lakini Lozère haikuzaliwa tupu. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa na watu zaidi ya 140,000. Leo hawafiki 80,000, na hakuna wilaya yenye watu wachache kuliko hiyo katika Ufaransa bara. Watu walishuka kwenda kutafuta kazi mijini, nyumba zikafungwa, shule zikakosa watoto. Barabara zikabaki, tena zikatiwa lami nzuri. Ule ukimya ambao mwendesha baiskeli anausifia leo, mwenzangu, ni ukimya wa watu walioondoka. Mwandishi anayepita humo akaona mawe na upepo tu, hata akiwa fundi namna gani, mimi naona ameacha nusu ya riwaya kando ya njia.

Hili linanigusa binafsi, siwezi kuficha. Mhariri mmoja, jina naliacha, alinirudishia mswada wangu kwa kuwa mhusika anaendesha baiskeli kurasa tisa "bila kukutana na jambo". Njia anayoipita imejaa nyumba zenye kufuli. Mimi niliona kufuli ndilo jambo. Yeye aliona kurasa tisa za kufyeka.

Ndipo namshukuru Tati. Filamu yake aliipiga 1947 katika kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, eneo alilokuwa amekaa wakati wa vita, mwaka 1943. Mhusika wake, François, ni mpeleka barua wa posta, mrefu, mwenye masharubu, na baiskeli yake ni ya kazi. Sherehe imekuja kijijini, kwenye hema kunaonyeshwa sinema ya posta ya Marekani, barua zinarushwa kwa ndege na kwa kila mbwembwe, na wanakijiji wanamcheka François wetu. Naye anaamua kupeleka barua "Kimarekani". Kilichobaki ni mbio. Kuna mahali anashikilia lori kwa nyuma, anageuza ubao wake kuwa meza ya ofisi, anagonga mihuri huku baiskeli ikivutwa!

Lakini nataka tuzungumzie kipande kingine, kifupi, ambacho wengi watakicheka na kukisahau. François anapita barabarani kwa mbali, mdogo kama sisimizi. Karibu nasi yuko mkulima anafyeka majani. Tunasikia nyuki. Yule François anaanza kurusha mikono hewani, anayumba na baiskeli yake. Kisha sauti ya nyuki inamwacha, inakuja kwa mkulima, naye anaanza kurusha mikono. Halafu inarudi barabarani. Nyuki hatumwoni hata mara moja. Hatusogezwi karibu na François, hatuonyeshwi uso wake. Kamera imetulia pale pale, na masikio yetu ndiyo yanayofanya kazi.

Angalia kilichofanyika. Gari moja lingepita, kichekesho chote kimekufa, kwa sababu nyuki asingesikika. Tati hakutuambia kuwa barabara ni kimya, wala hakuusifia ukimya huo kama Leblanc. Aliutumia. Na kwa nyuki mmoja ameunganisha watu wawili walio mbali, mmoja kazini kwa posta, mwingine kazini kwa shamba, wasiosemeshana neno. Barabara ya Leblanc ina watalii, ya Krabbé ina wapinzani. Hii ina majirani. Kila kona kuna mtu: bibi na mbuzi wake anayesimulia habari za kijiji, watoto, mabata. Na mwisho, François anapoangukia kwenye kazi ya kukusanya majani makavu pamoja na wakulima, mfuko wa barua unachukuliwa na mtoto.

Nikiitazama leo naona uchungu ambao labda watazamaji wa 1949 hawakuuona. Wale wafyekaji majani ndio ambao miaka iliyofuata trekta ilichukua nafasi yao. Mwaka 1997, kati ya Givry na Cluny, Wafaransa walifungua njia ya kwanza ya aina yake kwao, kilometa 44 za lami kwa baiskeli na waenda kwa miguu, gari marufuku. Ni njia nzuri, nasikia raha hata kuisoma kwenye ramani. Ila imelazwa juu ya reli iliyokufa, na stesheni bado zimesimama kando yake bila treni. Riwaya ya njia hiyo sijaiona. Nimeona vipeperushi vya utalii, navyo vinaandika kama Leblanc.

Kuna atakayesema ninamwonea Krabbé, kwamba mshindani aliye na pumzi mdomoni hana nafasi ya kuhesabu nyumba zilizofungwa. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu dhidi yangu na sijaipuuza. Mwenye kuitetea aandike, toleo lijalo lina nafasi, tumenyane.