Pongezi kwa Mafundi wa Ekseli ya Mbele

Arusha, Land Cruiser za safari, zile za mfululizo wa 70, zikishanyanyuliwa springi na kuvishwa matairi mapana, shida nyingi huibukia ekseli ya mbele. Mafundi wanaoisoma ekseli hiyo nawavulia kofia.

Fundi haanzi na spana, anaanza na masikio. Anakuambia uweke gia ya magurudumu manne, ukate usukani mpaka mwisho, uondoke taratibu. Ikigonga ka-ka-ka kwenye kona, jointi ya ekseli, ile inayozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa, imelika. Kisha anapiga jeki, analishika gurudumu juu na chini, analitikisa. Likicheza, kijana wake anakanyaga breki: mchezo ukikoma, ni beringi za gurudumu, ukibaki, ni za kingpini, pini ambazo gurudumu hugeukia. Kipimo cha bure! Grisi ya jointi ikivuja nyepesi kama uji wa mgonjwa, oili ya difu imeshapita sili.

Jointi ikilika, wateja hulaumu springi ndefu. Kwa ekseli nzima kama hii, kipande kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, wanazionea: kunyanyua hakupindi jointi hiyo, huzidisha mwinamo wa propela. Kwenye Prado za kuanzia 1996, zisizo na ekseli nzima mbele, ndipo jointi hupinda na kufa mapema, na fundi mzuri atakuambia hivyo kabla hujanunua springi.