Debe Tupu na Gitaa la Besi

Wahakiki wa nyimbo za Kiswahili tuna mazoea ya kuanza kazi kwa kalamu. Tunausikiliza wimbo, tunayanakili maneno yake, tunayapanga beti kwa beti, kisha tunauweka wimbo kando na kuendelea na karatasi. Kuanzia hapo gitaa la besi halina kwao. Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi, na tasnifu za aina hii nimezisoma nyingi. Zinachambua vizuri sitiari, kejeli na taswira ya mwanamke. Lakini ukizimaliza hujui kama wimbo unachezeka.

Likizo hii nipo Ruhuwiko, Songea, kwa baba yangu mdogo, mtaa ambao ndege ikitua kiwanjani tunaisikia tukiwa uani. Ana Toyota IST na ana santuri, kanda na faili za muziki wa dansi kuliko maktaba yoyote niliyowahi kuingia. Mwezi huu alimwita fundi muziki wa magari aje kuituliza milango ya gari, kwa kuwa spika mpya alizonunua zilikuwa zinakoroma. Nilishika tochi kwa siku mbili. Nilichojifunza hapo kinahusu uhakiki kuliko nilivyotarajia.

Mlango wa gari ni debe. Nje kuna bati jembamba. Ndani kuna bati la pili lenye matundu makubwa, ambayo fundi hupitishia mkono anapotengeneza mota ya kioo, na juu ya matundu hayo hubandikwa nailoni ya kuzuia maji. Mwisho kabisa ndipo linapokuja kava tunaloliona tukikaa. Spika hufungwa kwenye bati la ndani. Inapousukuma upepo upande wa mbele, papo hapo inauvuta upande wa nyuma. Upepo wa nyuma ukipenya kwenye matundu hukutana na wa mbele, vikafutana. Sauti nyembamba hazidhuriki sana. Besi ndiyo inayokufa. Nafasi yake inachukuliwa na bati lenyewe, ambalo likitikiswa hutoa noti yake, ileile moja, kwa kila wimbo na kila mwimbaji. Debe tupu haliachi kuvuma.

Fundi alianza kwa kuligonga bati kwa kifundo cha kidole. Likajibu teng. Akalisafisha kwa spiriti, akabandika vipande vya mkeka wa mpira wa butili wenye ngozi ya alumini, akavikandamiza kwa roli ndogo mpaka vikashika. Akagonga tena: du. Siri haiko kwenye uzito peke yake. Mpira ulionaswa kati ya bati na alumini huvutika kila bati linapotikisika, na mtikisiko ule hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika. Kwa hiyo si lazima kufunika kila inchi. Vipande vichache vikiwekwa katikati, pale bati linapocheza zaidi, hufanya kazi kubwa. Kisha akayaziba matundu makubwa ya bati la ndani, akazivisha sponji nyaya na fimbo za kitasa zisigongane. Vitundu vya chini ya mlango hakuvigusa. Maji hupenya pembeni mwa kioo na lazima yapate pa kutokea. Ukiviziba, mvua za Songea, za Novemba hadi Aprili, zitaula mlango kwa kutu.

Jioni baba mdogo alitaka tumsikilize Remmy Ongala. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Watu wa Dar bado wanashuka kituo cha Sinza kwa Remmy, hata wale waliozaliwa baada ya enzi zake. Tuliiweka albamu ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, iliyotolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel.

Nilisikia besi ikitembea. Uzi mzito wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Spika ya mlangoni haifiki chini kiasi hicho, lakini sauti za juu yake kidogo, zilizokuwa zinafutwa na matundu, sasa zilikuwa na umbo. Besi inaingia, inanyamaza, inaliachia gitaa nafasi, inarudi. Baba mdogo alitulia nyimbo mbili nzima.

"Unasikiaje?" akaniuliza.

"Nasikia kila kitu, baba."

"Mimi nasikia kama msiba uliohamishiwa ukumbini. Viti vimepangwa, maji ya chupa yapo, ila wa kulia hayupo."

Akabadilisha. Akaweka rekodi ya Mlimani Park, Sikinde, iliyofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni. Mkwaruzo ulikuwepo, na mlango uliotulizwa haukuuficha. Uliuleta karibu zaidi. Lakini chini ya mkwaruzo kulikuwa na watu waliosimama chumba kimoja, tarumbeta zikiwasukuma waimbaji, waimbaji wakisogeleana.

Hukumu yangu ni hii. Albamu ya Remmy imerekodiwa kwa ustadi, na ustadi huo ndio mpaka wake. Kila ala imewekewa uzio, kana kwamba msikilizaji aliyekusudiwa yuko sebuleni kwake, kimya, mbali na Sinza. Katika mlango unaokoroma, kelele za bati huziba pengo hilo na albamu inasikika ya nyumbani. Mlango ukitulia, umbali unajitokeza. Rekodi za Radio Tanzania zinafanya kinyume: mlango mbovu huzifanya zionekane zimechakaa, mlango mzuri huonyesha kwamba zimejaa. Tofauti hii haipatikani kwenye maneno ya nyimbo hata ukiyasoma mwaka mzima.

Kuna hoja dhidi yangu, na ni nzito. Kimya kinauzwa. Mkeka wa butili si bei ya mnyonge ambaye albamu ile imebeba jina lake. Yeye anausikia wimbo kwenye Hiace inayokwenda Mbinga, konda akidai nauli, au stendi, mpiga debe akishindana na spika. Nani amenipa haki ya kuuhukumu wimbo wake nikiwa ndani ya gari lililozibwa?

Nadhani hoja hiyo inaongeza kazi, haiifuti. Vitabu vyetu vinafundisha kwamba takriri katika wimbo ni ya msisitizo. Kaa ndani ya Hiace uone. Mstari wa kwanza umefunikwa na honi, wa pili na mtoto anayelia. Kiitikio kinarudi mara ya nne, ndipo unakipata. Takriri ni akiba. Mtunzi wa muziki wa dansi alijua wimbo wake utapita kwenye mabati mangapi kabla ya kumfikia mtu, akaujenga uvumilie. Mhakiki anayesikilizia chumbani kwa visikizio ataona marudio na kuyaita mbinu ya kimtindo. Aliyesikilizia kwenye mlango mbovu anajua marudio yanafanya kazi gani. Na aliyesikilizia kwenye mlango mzuri anajua besi ilikuwa inasema nini wakati sote tunanakili maneno. Hakuna mmoja kati yao anayetosha.

Mkeka uliisha milango ya mbele ilipokamilika, na baba mdogo hana haraka ya kununua mwingine. Ya nyuma inaendelea kukoroma kama zamani. Sura ya tatu ya tasnifu yangu naiandikia humo garini: kila wimbo nausikiliza mara moja nikiwa kiti cha mbele, mara moja nikiwa cha nyuma, na daftari lina safu mbili.