Kumchagulia Mtu Kitabu

Anayenunua kanga ya zawadi hatazami pindo na mji tu. Husoma jina kwanza, maana kanga nzuri yenye neno baya yaweza kuvunja undugu. Kitabu nacho kina jina lake la ndani, lakini tukimnunulia mtu huwa tunaridhika na jalada, au na sifa tulizozisikia, tukampelekea kama tunavyompelekea mgonjwa machungwa.

Nami nimewahi kufanya hivyo. Baba yangu mdogo alipostaafu reli nilimpa Nagona ya Euphrase Kezilahabi, kwa kuwa mimi ilininyima usingizi. Baada ya wiki mbili akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "nimelewa na sijanywa." Kosa halikuwa la Kezilahabi wala la mzee. Nilijipimia nguo mimi, nikamvisha yeye.

Ufundi wenyewe niliuona kwa muuza vitabu vya mitumba mmoja, katikati ya Dar es Salaam. Meza yake ni mbao mbili juu ya makreti ya soda, na nailoni ya kukingia mvua imekunjwa chini. Vitabu vilivyoachia mgongo huvitia gundi, akavigandamiza kwa jiwe mpaka jioni. Mteja akiuliza kipi kizuri, hajibu. Huuliza yeye: "Cha nani?"

Nilipomsimulia kisa cha baba mdogo, alitaka kujua mzee husikiliza nini redioni. Nikamwambia, taarifa ya habari, na muda wote anabishana na mtangazaji. Akanipa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, yenye Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi anayemkamata mwuaji kwa kuwaza kuliko kwa kukimbia. Mzee alikimaliza kwa siku tatu. Kila jioni alinipigia simu kunitajia mwuaji, na kila jioni alikuwa mtu mwingine.

Tangu hapo nikawa napita kumtazama muuza vitabu akichagua. Kijana wa bandarini alipewa Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya wapagazi wa Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mvulana aliyelelewa na mama peke yake aliondoka na Siku Njema ya Ken Walibora, ambamo Kongowea anafunga safari kutoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya. Hakuambiwa kwa nini amepewa hicho. Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971 ikapigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kufundishwa humo humo, watu humnunulia binti ili aogope. Muuza vitabu huyu humuuzia baba. Anasema mtu wa kwanza aliyepaswa kukisoma ni Zakaria, babaye Rosa.

Kwa watoto huwa mkali zaidi, na sababu yake sijaisahau: mtu mzima akichoshwa na kitabu hukilaumu kitabu, lakini mtoto hujilaumu mwenyewe. Kitabu kimoja kisichomfaa chaweza kumfanya aamini kwamba kusoma ni kwa wengine.

Siku moja nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 9.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unacheka nini wewe?"

Nikaingilia kati, nikasema ni wa kwanza darasani.

"Sikuuliza ripoti, bwana."

Mtoto akafikiri. Akasema anacheka watu wajanja wakidanganywa.

Mzee akatoa vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, chenye manyani wawili wanaolishwa vizuri na kuchapwa kila usiku. Cha pili kilikuwa Hekaya za Abunuwasi. Hiki akakifungua katikati, kwenye sufuria iliyozaa, akamwambia asome kwa sauti.

Nilidhani anasikiliza matamshi, kumbe alikuwa anatazama kidole. Mistari ya kwanza kidole kilikwenda chini ya kila neno, kikisimama pale ulimi ulipokwama. Aya ya pili kikaanza kubaki nyuma ya macho. Mwenye sufuria alipokubali kwamba sufuria yake imejifungua, mtoto akacheka puani, kidole kikaanguka pembeni, na sauti ikapungua ikawa mnong'ono, kisha ikazimika kabisa. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikicheza.

"Basi, mama, inatosha," mzee akamwambia.

Hakusikia. Akafunua ukurasa.

Mzee akakirudisha Adili na Nduguze chini ya rundo. "Hiki mje mwakani. Kiswahili chake kinataka meno ya utu uzima, nami sitaki avunje ya utoto." Kisha akanigeukia, akanitajia bei, taratibu, ili asimshtue msomaji.