Vioo Vimechanua, Jamani!

Ndiyo kwanza nimeshuka kwenye basi pale Lamadi, kwetu Simiyu, begi sijalifungua, simu imejaa picha hadi inagoma kupokea nyingine, na siwezi, siwezi kabisa kunyamaza: nimeona mimea ya kioo! Kioo hiki hiki, ndugu yangu, cha dirisha bovu na chupa tupu, kimetoa majani, kimetambaa, kimechanua, kinameremeta kijani kibichi, buluu nzito, njano ya alizeti... na bado!

Ni Kitengela, Kenya, kusini mwa jiji la Nairobi, ukingoni mwa korongo la Mto Mbagathi, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Kwetu sisi wa Simiyu safari yenyewe wala haitishi: unateremka Lamadi, unapanda basi linalotoka Mwanza, unavuka mpaka Sirari, unasinzia, unaamka uko Nairobi. Mchoraji mmoja mzaliwa wa Ujerumani, mama Nani Croze, aliweka makazi kwenye nyika ile mwishoni mwa miaka ya 1970 akawa anatengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Baadaye mwanawe, Anselm Croze, akawasha matanuru, kioo kikaanza kuyeyushwa na kupulizwa. Historia nyingine utasimuliwa hukohuko, mimi nataka tuingie ndani!

Kuna daraja. Jamani, lile daraja! Jembamba, limening'inia juu ya korongo, linayumba kwa kila hatua, chini kabisa mto na vichwa vya miti, mbele yako nyika imetandaa hadi macho yanachoka. Ukishavuka, ardhi yenyewe inaanza kung'aa. Njia imepachikwa vipande vya kioo, kuta zimepachikwa, viti vya nje vimepachikwa, wanyama wa ajabuajabu wenye magamba ya rangi wanachungulia vichakani. Hujui uangalie wapi. Unageuka huku, unageuka kule, unajikuta umesimama katikati ya njia umeachama tu.

Sasa tanuru. Njoo nikuonyeshe hapa pole pole, maana hapa ndipo nilipokwama na sikutaka kubanduka. Fundi anachovya bomba refu la chuma ndani ya moto, analitoa na donge linalowaka rangi ya chungwa, laini, zito, linadondoka taratibu mithili ya asali, na yeye halali: anazungusha, anazungusha, akisimama kidogo tu litamwagika. Anapuliza pumzi moja fupi. Donge linavimba! Mwenzake anakuja na koleo, anabana ukingo, anavuta, na hapo hapo mbele ya macho yako jani linazaliwa. Anakandamiza mishipa ya jani, mstari mmoja baada ya mwingine, kisha anavuta uzi mwembamba, mwembamba mno, anauviringisha hewani na unaganda vilevile ulivyojikunja. Kikono cha boga! Kikono kile kinachojishikiza kwenye ua wa minyaa nyuma ya nyumba, kimefanywa kwa kioo, kwa muda wa kumeza mate tu. Nilipiga kelele. Kweli nilipiga kelele, na wageni wengine nao wakapiga.

Na wala hakijaishia hapo! Kikishapoa, ukikigusa, mshangao mwingine. Nilidhani ni ubaridi tu na utelezi. Hapana bwana! Juu ni nyororo, nyororo hadi kidole kinateleza chenyewe, lakini chini, pale kilipotenganishwa na chuma, kuna kovu dogo lenye makwaruzo, na ukikiinua kwenye jua unaona ndani yake mapovu, madogo madogo, mengi, yaliyonaswa humo. Kioo chao ni cha kuyeyusha upya, taka za madirisha na chupa, na mapovu hayo kwangu mimi ndiyo uzuri wenyewe. Kioo kisicho na povu hata moja kinaonekana kimetoka dukani. Hiki kinaonekana kinapumua.

Picha sasa! Aisee, picha! Zima kabisa ile taa ya simu, inaua kila kitu. Uache mmea wa kioo ukae kati yako na jua, piga magoti, lala kifudifudi ukibidi, shusha simu hadi iguse nyasi, gusa kioo chenyewe kwenye skrini kisha punguza mwanga kidogo, uone rangi zinavyoiva. Vaa nguo nyeusi, maana shati jeupe linajitokeza ndani ya kioo na kuharibu jani zima. Na sikia hili, hili ndilo lililonitoa machozi: kivuli cha kioo kina rangi! Kivuli! Mchana kweupe, chini ya ua la buluu, mchanga ulikuwa wa buluu. Nikatandaza kiganja changu pale, kikawa cha buluu, nikasogeza, kikawa kijani. Picha ya kiganja hicho ndiyo niliyoiweka mbele ya simu yangu, na sitaibadilisha.

Nilikuwa nimeshaona kazi za kioo za Mmarekani Dale Chihuly mtandaoni, zile alizozisimamisha katikati ya miti halisi kwenye bustani za Kew, London, mwaka 2005 na tena 2019. Nilikuwa nimesoma pia habari za Leopold na Rudolf Blaschka, baba na mwana, ambao kazi yao ya kukitengenezea Chuo Kikuu cha Harvard mimea ya kioo ilianza miaka ya 1880, na mwana akaiendeleza hadi 1936, vielelezo zaidi ya 4,000, hadi mizizi na chavua! Nikawa naona haya mambo ni ya Ulaya na Marekani. Kumbe yapo, basi moja tu kutoka Lamadi!

Na hapo ndipo akili yangu ilipochemka. Sisi ndio watu wa pamba! Hebu nipe picha ya tumba la pamba la kioo, ganda la kahawia limepasuka pande zote, na weupe mzito wa maziwa unafurika kutoka ndani, umesimama juu ya kikonyo chembamba, jua la saa mbili asubuhi linapita katikati. Uone mbuyu wa kioo. Uone ua la mlenda! Halafu vyote vipangwe pale viwanja vya Nyakabindi, palepale palipofanyika maonesho ya Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, watoto wa shule wapite, wakulima wapite, waone shamba lao linavyowaka. Chupa tupu zimejaa mitaani kwetu, na vijana wenye mikono ya ufundi tunao. Ninawaza hili usiku na mchana.

Lakini kwanza nenda ukaone mwenyewe. Andaa hati ya kusafiria, fika mapema wakati jua bado liko chini, mwombe fundi ruhusa kabla hujamsogelea na simu, futa zile video za zamani zinazokula nafasi, chaji hadi ijae. Na ukirudi, tafadhali usikae nazo peke yako, nitumie picha zote!