Karani Aliyeshika Jembe

Msomaji, kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Utubora Mkulima kilitolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Kinasimulia habari za mtu mwenye kazi njema ya ofisi mjini, aliyethaminiwa na bwana wake, ambaye aliiacha kazi hiyo akaenda Busutamu kushika jembe. Aliondoka kwa hiari yake, kwa kuwa moyo wake haukupata makao juu ya kiti kile.

Swali la kitabu litakufikia nawe siku utakapoajiriwa. Mshahara hununua saa za mtu, mkono wake na akili yake. Je, hununua pia imani yake? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Huo ni ulinzi wa mlangoni. Mtu abaki nani akisha kuketi, sheria haiwezi kumwambia.

Kitabu kinajibu kwa kumwondosha karani, na jibu hilo mimi naliona jepesi. Jina la Utubora ni utu na ubora, na aliyepewa jina kama hilo tangu ukurasa wa kwanza ni vigumu kupotea. Laiti tungekaa naye zaidi mezani pake, tukamwona akivutwa huku na wito wa sala na huku na wito wa mkubwa wake, tungaliupima vema uzito wa alichokiacha.

Mwandishi mwenyewe hakufanya kama Utubora. Aliingia idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926, akatumika humo hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali ya kikoloni. Alikuwa Mwislamu, na ukarani haukumzuia kutunga. Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake, umejaa mafunzo ya dini na adabu: shehena ambayo forodha haikuweza kuitoza ushuru!

Basi usikisome kitabu hiki peke yake. Kiweke kando ya Maisha Yangu, uone karani mwingine, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wa kulea, ambaye kesho yake hurudi kazini. Huyu hakupewa jina la sifa, nami ndiye ninayemsadiki zaidi.